Muziki wa Scania bila kuuza kitanda

Utingo wangu ndiye aliyeanzisha. Tulikuwa Tunduma, siku ya tatu kwenye foleni ya kuvuka mpaka kuingia Zambia, saa nane za usiku, mvua ndiyo kwanza imekatika. Nikamsikia anasogezasogeza vitu, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeyapanga maneno tangu jana: "Suka, kati yangu na hili boksi, mmoja ashuke."

Boksi lenyewe lilikuwa sabufa ya inchi 12, limevikwa zulia jeusi, limelala kitanda cha juu kama abiria aliyelipa nauli. Nililikuta ndani ya gari nilipokabidhiwa, aliliacha dereva aliyenitangulia. Mwaka mzima kijana wa watu alikuwa akilala viti vya mbele, kiuno kwenye kiti chake, miguu juu ya mgongo wa injini, magoti yamekunjwa kama panga la kukunja. Mimi nipo kitanda cha chini najinyoosha. Ndiyo, nilikuwa naona. Lakini lile boksi lilikuwa linapiga bwana, na uzuri wa muziki humfanya mtu asione mateso ya jirani yake.

Leo ukifungua mlango wa gari hii huoni boksi hata moja. Muziki upo, na ni mzuri kuliko ule wa mwanzo. Nimekaa nao miezi saba, safari tano za Lubumbashi na mbili za Ndola, kwa hiyo sizungumzii kitu nilichokisikia dukani kwa dakika tano. Majina ya vifaa nitayaacha, maana hizi bidhaa unakuta kitu kilekile kina majina matatu kutegemea na mlango wa duka ulioingia. Nitasema kifaa ni cha aina gani, kina vipimo gani, na kimenifanyia nini.

Gari ni Scania R420 Highline, ilitumika Uingereza kabla ya kuja Dar. Gari ni ya tajiri, na tajiri alinipa sharti moja tu nilipompigia simu: "Badilisha unachotaka kwa hela yako, ila dashibodi yangu usitoboe, milango yangu usikate." Sharti hilo liliniudhi siku ile. Baadaye nikaja kuona ndilo lililoniokoa na mafundi wengi wenye msumeno mkononi.

Kwa asiyejua kabini ya lori la masafa, ile si sehemu ya kuendeshea tu. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na hapo hujaigusa Zambia. Ndani mna mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili, dumu la maji la lita 20, begi la nyaraka, blanketi, ndoo, viatu vya mvua, na ukipita Ruaha Mbuyuni unapakia vitunguu vya nyumbani kama una akili. Kila sentimita ina mwenyewe. Ukiweka boksi la muziki, kuna kitu kinashuka. Kwangu mimi kilichoshuka kilikuwa usingizi wa mtu.

Redio ya kiwandani ilikuwa nzima lakini ina mambo yake. Kila mafundi wakizima betri, ikiwaka inadai namba za siri, kama vile ni mimi niliyeiiba. Ina kitufe kimeandikwa TA, ambacho kule Ulaya ni cha taarifa za foleni barabarani. Huku ukikigusa kwa bahati mbaya, redio inaanza kulia piip, piip, inatafuta kituo cha kuielezea hali ya barabara ya huko ilikotoka. Sehemu ya CD ilijaa vumbi ikafa. Nikawa natumia kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, kinachorusha nyimbo za simu kwenye FM. Kinafanya kazi, ila ukiondoka Morogoro umekiweka kwenye namba iliyo wazi, ukifika Iringa namba ileile ina mchungaji anahubiri. Unaanza kutafuta nyingine huku unaendesha tani 30. Si jambo la kufanya.

Boksi nalo lilikuwa na siri yake, na hii siri ndiyo iliyoniuma mfukoni. Lori lina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo. Vifaa vya muziki vingi ni vya volti 12. Fundi aliyelifunga lile boksi hakutaka kuhangaika: alichukua umeme katikati, kwenye betri moja tu. Hapo unapata 12 safi, muziki unalia, fundi analipwa, anaondoka. Tatizo ni kwamba altaneta inachaji zile betri mbili kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, wakati muziki unanyonya moja. Ile inayonyonywa haishibi hata siku moja. Ile ya pili inalishwa hata ikishashiba, mpaka maji yake yanachemka na kupungua.

Siku gari ilipogoma kuwaka Makambako, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kule mnaijua, fundi wa betri alipima moja moja. Ya kwanza volti 11.6. Ya pili 12.9. Ukijumlisha unapata 24.5, ndiyo maana kipimo cha kwenye dashibodi kilikuwa kinaniambia kila kitu shwari. Zote mbili zilikuwa zimekwisha, kila moja kwa ugonjwa wake. Nilinunua mbili mpya, zaidi ya laki tano kila moja, na tajiri alikata nusu kwenye posho yangu. Kama una lori na una muziki ndani, shuka sasa hivi ukaangalie ule waya umeshika wapi. Usisubiri Makambako.

Fundi niliyempata safari hii yuko Morogoro, upande wa Msamvu. Kibanda cha bati, meza moja, mbele yake mama anauza chai na chapati. Nilielekezwa na dereva wa mafuta ambaye gari yake ilikuwa inaimba vizuri bila kutetemesha vioo. Nilipomwambia nataka muziki mkubwa usiokula nafasi, hakunionyesha bidhaa. Alipanda kabini na futi kamba. Akapima chini ya kiti cha utingo. Akapima mdomo wa redio. Akashusha kioo cha mlango mpaka chini kabisa, akaingiza kijiti kwenye tundu la spika kupima kutoka bati la mlango mpaka kwenye kioo. Kisha akapanda kitanda cha juu, akaligonga lile boksi kwa kidole, akacheka.

"Hili nalo ni la nini?"

"Besi," nikasema.

"Mkuu, gari yako ina matundu manne ya spika kiwandani. Yote yamekufa. Umemleta huyu mzee aje awafunike marehemu."

Na kweli. Alipofungua jalada la mlango wa kushoto, spika ya kiwandani ilikuwa na karatasi iliyochanika nusu duara, na ule mpira laini wa pembeni ulikuwa umeoza unabaki vidoleni kama makombo ya biskuti. Jua la miaka, vumbi la miaka.

Hoja yake ilikuwa hii, na sasa naiamini: nafasi unayoitafuta gari inayo tayari, ipo ndani ya milango na nyuma ya redio. Kazi ni kuitumia ile vizuri kabla hujachukua nafasi ya mtu.

Alianza na konveta, kile kifaa cha kushusha umeme kutoka 24 kwenda 12. Hapa ndipo nilipomheshimu. Alikuwa nazo tatu za ampia 20, zote zimeandikwa hivyohivyo, bei tofauti. Alitoa taa mbili za gari ndogo, za wati 55 kila moja, akaziunganisha kama mzigo, akashika mita. Konveta ya kwanza, ya bei rahisi, bila mzigo ilisoma 13.7. Taa zilipowaka ikaanguka mpaka 10.4, na baada ya dakika kumi mgongo wake haushikiki kwa moto. Zile taa mbili hazifiki hata ampia 10. Ya pili ilistahimili lakini ilikuwa inavuma. Ya tatu ilikaa 13.5 na ilikuwa vuguvugu tu. Nikachukua hiyo, 65,000. Angeweza kuniuzia ile ya kwanza na nisingejua mpaka nifike Mpika, ndani ya Zambia.

Gari ina tundu dogo la volti 12 la kuchajia simu, nikamuuliza kwa nini tusichukue hapohapo tuokoe hela. Akanionyesha fyuzi yake: 10. Mara 12, wati 120, na hapo simu zetu mbili hazijachajiwa. Hesabu hiyo ya fyuzi aliirudia mara nyingi siku ile mpaka na mimi nimeishika. Tulipofika kwenye sabufa mpya, boksi lake la karatasi lilikuwa limeandikwa wati 600 kwa herufi za dhahabu. Fyuzi yake ni ya ampia 15. Kumi na tano mara 12 ni 180. Kifaa hakiwezi kutoa kuliko kinachoingia, sasa hizo 420 zilizobaki zinatoka wapi, kwa mganga? "Usisome boksi," akasema, "soma fyuzi."

Redio tuliyoweka ni ile fupi isiyo na sehemu ya CD. Uso wake ni kipimo kilekile cha zamani, sentimita 18 kwa 5, kwa hiyo inaingia mdomo wa kiwandani bila kukata chochote, ila mwili wake kwa nyuma ni kama sentimita 10 tu. Redio ya zamani ilikuwa inazama ndani kabisa. Ile tofauti ndiyo nafasi yenyewe: nyaya zote, vichwa vya kuunganishia, na fyuzi vimelala pale nyuma kwa raha, na konveta imepata kikao pembeni yake penye hewa. Ina Bluetooth, ina tundu la flashi, na ina njia ya pekee ya kutoa sauti kwenda kwenye sabufa. Laki moja na 80,000. Zipo redio za volti 24 moja kwa moja kwa ajili ya malori, na kama hutaki sabufa nunua hiyo uachane na konveta. Mimi nilihitaji 12 kwa vyote viwili.

Tahadhari ndogo hapa kwa wenye magari ya Ulaya. Kile kichwa cha nyaya cha redio ni cha kipimo kinachofanana, unaweza kuchukua redio ya gari ndogo ukaichomeka kwenye lori na ikaingia vizuri sana, tena kwa mlio wa kuridhisha. Ila waya wa umeme pale una 24. Moshi wake ni mdogo, mweupe, na hausubiri wimbo wa pili. Yalimkuta rafiki yangu wa Mbeya.

Sasa milango. Kama nitatakiwa kubakiza kitu kimoja kati ya vyote nilivyofanya, nabakiza hiki.

Fundi alichukua spika mpya ya inchi sita na nusu, akaiunganisha, akaishika mkononi hewani na kupiga wimbo wa zamani wa dansi. Nikasikia sauti ya mwimbaji, gitaa, na ule ukali wa sauti za juu. Besi hakuna, kama redio ya mbao iliyoanguka. Bila kugusa kitu kingine chochote, akaiweka juu ya kipande cha plaiwudi chenye tundu la ukubwa wake, akakandamiza. Gitaa la besi likatokea pale pale, kana kwamba mpigaji alikuwa nje akaingia. Nilimwomba arudie. Alirudia mara tatu, utingo naye akaomba ashike yeye.

Maelezo yake: spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ikiwa wazi, hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana pembeni zinauana, na wanaokufa kwanza ni besi. Mlango wa gari ukiufungua kwa ndani una matundu makubwa ya kuingiza mkono wa fundi, yamezibwa na nailoni tu, au hata nailoni yenyewe ilishachanika. Kwa hiyo spika yako inaishi maisha yake yote hewani. Dawa ni kuziba yale matundu kwa karatasi nzito yenye gundi nyeusi upande mmoja na karatasi ya fedha upande wa pili. Mafundi wanaiita lami, na kwa harufu na uzito ni lami kweli. Tulitumia ya 60,000 kwa milango miwili. Aliipasha moto kwa upepo wa mashine ya kukaushia nywele, akaigandamiza kwa kiroli kidogo cha mbao, bati likaacha kulia tang, likawa linalia dup.

Chini kabisa ya mlango hakuweka. Kuna vitundu vidogo pale, maji ya mvua yanayopita kwenye kioo hutokea hapo, ukiviziba mlango unaoza ukiwa unaimba.

Spika zenyewe zilikuwa 120,000 kwa jozi. Kubwa si bei, ni kina cha sumaku. Pale kijiti kilipopima, kutoka kwenye bati mpaka kwenye kioo kilichoshushwa ni sentimita sita na nusu. Spika za kwanza nilizozipenda, zenye sumaku kama sahani ya chai, zilikuwa na saba. Zingefunga vizuri, zingelia vizuri, mpaka siku ya kwanza ya kushusha kioo kwenye mizani ya Vigwaza. Tulichukua zenye tano na nusu.

Kabla ya kufunga alichukua betri ya rimoti, akagusisha kwenye nyaya za kila spika, kap, kap, huku anatazama. Ya kulia ilisukuma kwenda nje. Ya kushoto ilivuta kwenda ndani. Waya za mlango wa kushoto zilikuwa zimegeuzwa na mtu zamani. Spika mbili zikisukumana hivyo, moja inatoa moja inavuta, besi inapotea katikati ya kabini pale pale ulipokaa. Akazigeuza. Dakika moja, hela sifuri.

Zile spika mbili za nyuma, za juu ya kitanda, nilisema tuziache zimekufa. Nani anataka mwimbaji masikioni saa tisa usiku. Utingo aliniunga mkono kwa haraka sana.

Sabufa ni ile nyembamba yenye amplifaya humohumo ndani, ganda la aluminiamu, urefu wake kwenda juu sentimita saba na nusu. Chini ya kiti cha utingo tulipata 11. Begi la spana lililokuwa pale limehamia boksi la nje, lilikostahili kuwa tangu mwanzo. Kwa sababu ya sharti la tajiri haikufungwa kwa bolti, imefungwa kwa mikanda ya kubanana kwenye miguu ya kiti, chini yake kipande cha mpira wa tairi ya ndani isiteleze. Shilingi 350,000, kifaa ghali kuliko vyote.

Nami nasema wazi: ndicho kifaa kilichonipa kidogo kuliko vyote kwa hela yake. Usinielewe vibaya, inafanya kazi. Fundi aliiwekea mpaka, sauti za chini ya hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, zipigwe na yeye, za juu yake zipigwe na milango, na tangu hapo spika za milango zimepumua, zinapanda juu bila kukoroma. Ngoma unaisikia kwenye mapaja. Lakini haiwezi kuwa inchi 12. Ukipandisha zaidi ya robo tatu inaanza kukohoa kama mzee aliyemeza vumbi la Serenje, na nyimbo za singeli zinaianika kabisa, ule mwendo wa ngoma hauuwezi. Kwa dansi, taarab na rhumba ni saizi yake. Tena ipo chini, inapokea tope la viatu vya utingo. Nimeikatia kipande cha kapeti juu na kila tukifika Dar naifuta. Kama hela yako ni ya mawazo, fanya milango kwanza, kaa nayo mwezi mzima, ndipo uamue kama bado unaitaka.

Kasoro iliyonikera zaidi ilijitokeza tulipowasha injini. Nyiiiii. Ukikanyaga mafuta, nayo inapanda. Ukiachia, inashuka. Kilio cha altaneta ndani ya spika. Fundi alikuwa ameshika waya hasi wa redio nyuma ya dashibodi na waya hasi wa sabufa kwenye bolti ya kiti. Mahali pawili tofauti kwenye bodi, na kati yake umeme mdogo unatembea kupitia waya za sauti. Alizihamisha zote mbili zikashike sehemu moja, kwenye hasi ya konveta, na zile waya za sauti zenye vichwa vyekundu na vyeupe akazipitisha upande wa kulia, mbali na waya wa umeme unaopita kushoto. Kilio kikaondoka karibu chote. Kilichobaki nakisikia usiku, injini ikiwa inaunguruma pole pole na wimbo umekwisha, kama mbu aliye chumba cha pili. Nimemzoea.

Kuhusu huduma yenyewe siwezi kumpa fundi alama zote. Aliniambia saa nne za kazi, ilichukua siku moja na nusu, na nusu ya muda huo alikuwa amekwenda "hapo tu mara moja". Alipoteza kibanio kimoja cha jalada la mlango wa kulia, ukigusa pale pana mchezo. Risiti hakuna. Dhamana ni neno lake, ingawa niliporudi wiki mbili baadaye na tatizo la swichi alitengeneza bila kudai hata ya chai. Ile swichi ilikuwa wazo langu: konveta inanyonya kidogo hata muziki ukiwa umezimwa, na gari inayokaa foleni siku nne haipaswi kunyonywa. Sasa ufunguo ukitoka, kila kitu kinakufa. Redio inasahau saa, basi, nina saa mkononi. Ufundi ulikuwa 80,000. Jumla yote laki nane na 55,000, na ukitoa sabufa ni laki tano na 5,000.

Nikiacha gari hii kesho, naondoka na vyote. Redio ya kiwandani ipo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati la juu, pamoja na namba zake za siri nilizoziandika kwenye kipande cha boksi la sigara. Spika za zamani tumezitunza hata kama zimekufa, ili tajiri asije akasema. Hakuna tundu jipya hata moja kwenye bati lake. Alikuja yadi akakagua mwenyewe, akapitisha mkono chini ya kiti, akauliza, "Hiki nini?" Nikamwambia hita ya miguu. Utingo alitoka nje kwenda kucheka.

Jambo moja la matumizi. Mlima Kitonga nazima. Kupanda au kushuka, nazima kabisa. Nahitaji kusikia turbo inavyolia, nahitaji kusikia trela, na tairi likianza kutoa ile harufu huwa limeshasema kwa sauti kabla. Mikumi napunguza, wanyama hawana ratiba. Muziki wangu unaanza kupata nafasi yake kwenye ile barabara ndefu baada ya Nakonde kwenda Mpika, mahali ambapo adui yako mkubwa ni usingizi, na pale sijawahi kujutia hata shilingi ya milango.

Safari iliyopita tulilala Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Jioni utingo alikuwa juu kitandani, miguu imenyooka mpaka kwenye kona, anapiga rhumba kwa sauti ya wastani. Kijana wa kubadilisha hela akaja dirishani, akachungulia kiti kwa kiti, akainua macho mpaka kitanda cha juu, akarudi kwangu. "Papa, ile muziki inatokea wapi? Miye sioni bafle."

Lile boksi la inchi 12 nilimwachia fundi, alisema atanitafutia mteja. Nilipopita Msamvu mwezi uliopita mteja hajapatikana bado. Mama wa chai alikuwa amelikalia, anakata kitunguu.